Akutukanaye hakuchagulii tusi: kati ya "scold", "carper", "gossip" na "slanderer", uandike lipi?

Kisumu watu hugombana kwa Kijaluo, hupatanishwa kwa Kiswahili, na mambo yakikataa kabisa hushtakiana kwa Kiingereza. Barua ya kumfukuza mwanachama kwenye chama huandikwa kwa Kiingereza. Kumbukumbu za mkutano wa wazazi, vivyo hivyo. Maoni ya mwalimu wa darasa kwenye ripoti ya mtoto, taarifa ya mwanahabari kuhusu kikao cha bunge la kaunti, hata wasifu wa marehemu unaosomwa bomani kule Seme au Ugenya, vyote Kiingereza. Basi mtu aliyekasirika hufungua kamusi ya visawe kwenye simu, akaandika neno moja, na kamusi ikammwagia mengine chungu nzima kwenye mstari mmoja, yakitenganishwa na mkato tu, kana kwamba unaweza kuokota lolote.

Methali inasema akutukanaye hakuchagulii tusi. Ni sawa kwa makanga anayetukana stejini. Anayeandika na kutia sahihi chini hana uhuru huo, kwa sababu neno lake litasomwa na mwenyekiti, litasomwa na wakili, na litasomwa polepole zaidi na yule aliyetajwa.

Kazi yangu ni kuwachapia na kuwanyooshea watu barua za aina hiyo, kwa hiyo hapa nalinganisha maneno yanayoletwa mezani mara nyingi, pamoja na machache ambayo watu huyatoa kwenye kamusi ili waonekane wamesoma. Kabla hujachagua, jiulize: huyu mtu husema mbele yako au ukishaondoka? Anachokosoa ni kazi yako au ni wewe? Na analosema ni kweli? Kamusi ya visawe haiulizi lolote kati ya hayo.

Wanaokosoa

"Critic" lenyewe halina ubaya. Limetoka kwa neno la Kigiriki la mtu anayeamua au kuhukumu, na msomaji akilikuta bila maelezo humfikiria mhakiki wa vitabu, filamu au tamthilia. Sisi tumewagawa, mhakiki huku na mkosoaji kule. Kiingereza kimewaacha chini ya neno moja. Kwa hiyo ukiandika "my uncle is a critic" ukitaka kusema kwamba mjomba hajasifu kitu tangu uzaliwe, msomaji atauliza anaandikia gazeti gani. Ongeza "harsh", au chukua neno lingine.

Tofauti ya majirani zake huonekana vizuri uwanjani. Tuseme Gor Mahia wameifunga AFC Leopards mabao matatu kwa nunge. Mtu anayeeleza kwamba safu ya kiungo ilichoka dakika za mwisho na mpinzani mwenye kasi angeiadhibu, huyo ni "critic". Shabiki wa Ingwe, yaani hao Leopards, anayesema Gor hawajawahi kuwa timu na mwamuzi alinunuliwa ni "detractor". Kiini cha neno hilo kwa Kilatini ni kuvuta au kuondoa, na kweli nia yake ni kupunguza sifa, hata ungemwonyesha kombe. Halafu kuna yule shabiki wa Gor mwenyewe, amevaa jezi ya kijani, timu yake imeshinda, na bado ananung'unika njia nzima ya kurudi Kondele kwamba bao la pili lingefungwa kwa mguu wa kushoto. Huyo ndiye "carper". Hana chuki. Kuridhika tu ndiko kumemshinda.

(Samaki aitwaye "carp", yule anayevuliwa kwa wingi Ziwa Naivasha, hahusiki. Tendo la "carp" lina asili ya Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, ambako lilikuwa kujigamba, kisha likaathiriwa na neno la Kilatini la kuchuma na kunyofoa.)

"Caviller" watu hulichanganya na "carper", na kwenye barua tofauti yao ni kubwa. "Carper" hulalamika kwa mazoea. "Caviller" hushikilia jambo dogo kwa mkakati, ili kubwa lisipite. Umemwona kwenye mkutano mkuu wa Sacco: mwekahazina anakaribia kuulizwa pesa zilikokwenda, na mtu anasimama kusema kikao si halali kwa kuwa ilani ilisema saa nne na sasa ni saa nne na nusu. Ukimwandika "carper" utakuwa umemwonea huruma.

"Nitpicker" ndilo jepesi kuliko yote. Chanzo chake ni kutoa mayai ya chawa kichwani, moja moja, na anayefanya kazi hiyo huwa na nia njema kwa mwenye kichwa. Mhasibu anaweza kujiita hivyo huku akicheka. Nimeona pia walimu wa drama Kakamega wakimwita hivyo mwamuzi aliyewakata alama kwa sababu ya saa ya mkononi kwenye mkono wa mwigizaji aliyekuwa mtemi wa zamani. Kwa maoni yangu mwamuzi huyo hakuwa "nitpicker" hata kidogo. Saa ile ilikuwa kosa la kweli, na mtu anayeonyesha kosa la kweli anabaki kuwa "critic", hata akikuudhi.

Ukiona neno kama "Zoilus", "Momus" au "aristarch" kwenye orodha, lipite, labda kama unaandikia watu waliosoma mambo ya Wagiriki. Momus alikuwa mungu wa dhihaka katika hadithi zao. Zoilus aliishi karne ya 4 kabla ya Kristo na jina lake lilibaki kwa ajili ya kumshambulia mshairi Homer. Aristarchus, aliyeongoza maktaba ya Alexandria karne ya 2 kabla ya Kristo, naye alimpekua Homer huyo huyo mstari kwa mstari, akitia alama kwenye mistari aliyoishuku, lakini alikuwa anajenga: alitaka matini safi. Tofauti kati ya hao wawili ni nzuri mno, ila msomaji wako wa Migosi atadhani umekosea tahajia.

"Gadfly" ni kisa kingine kabisa, na watu hulikosea kwa kudhani ni tusi. Ni nzi mkubwa anayeuma ng'ombe na farasi. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Socrates akiwa kizimbani Athens, kwa jinsi Plato anavyosimulia, alijilinganisha na nzi wa namna hiyo: mji ni farasi mkubwa mvivu, naye ametumwa kuuamsha kwa kuuma. Tangu hapo neno limebeba heshima fulani. Ukiwa unaandika kuhusu mtu kama Okiya Omtatah wa Busia, aliyekuwa akiipeleka serikali mahakamani mara kwa mara miaka mingi kabla ya kuchaguliwa seneta mwaka 2022, mpinzani wake ataandika "busybody" na mwenye kumheshimu ataandika "gadfly". Wote wawili wanaelezea tendo lile lile. Ukichagua, umeshapiga kura.

Wanaokaripia

Hapa ndipo Kiingereza kilipojaza ghala. "Scold", "nag", "shrew", "termagant", "virago", "harridan", "fishwife". Yaangalie yote kwa pamoja utaona kitu kimoja: kila moja linamwangukia mwanamke. Mwanamume anayefoka kutwa haitwi lolote kati ya hayo. Yeye ni "strict", ni "firm", au kwa lugha ya ofisini Kenya, "no-nonsense". Na ajabu ni kwamba kadhaa ya maneno hayo yalianzia kwa wanaume.

"Scold", kwa mfano, wataalamu wengi wa asili za maneno hulirudisha kwa neno la Kinorse la mshairi, kwa kuwa washairi wa huko walikuwa na desturi ya kuwatungia watu mashairi ya kuwashusha. Sisi tuliomsoma Muyaka wa Mombasa hilo halitushangazi. Likaingia Kiingereza, likageuka la mtu mwenye maneno makali, kisha likakwama kwa mwanamke. Na halikuishia kuwa tusi, likawa kosa la jinai. Sheria ya kimila ya Uingereza ilimtambua "common scold", mwanamke msumbufu wa majirani kwa ugomvi wa mdomo, na adhabu yake ilikuwa kufungwa kwenye kiti kilichoning'inizwa mwisho wa mti mrefu na kutumbukizwa majini mbele ya watu. Mjini Leominster kiti hicho kilitumika kwa mara ya mwisho mwaka 1809. Mwaka 1829 mahakama ya Washington ilimtia hatiani Anne Royall, mwandishi aliyewachachafya wanasiasa na wahubiri, kwa kosa hilo hilo, akatozwa faini ya dola 10. Kwao Waingereza kosa lenyewe lilifutwa na sheria ya mwaka 1967. Yaani Kenya ilikuwa tayari na bendera yake.

"Shrew" ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu, tunayemwita kirukanjia. Zamani mtu aliyeitwa hivyo alikuwa mwovu wa jinsia yoyote, mara nyingi mwanamume. Ukitaka kujua hatari ya kutafsiri bila kufikiri, hebu mwandike mama mkali "shrew", kisha barua itafsiriwe Kiswahili mbele ya wazee na mtu anayefuata kamusi. Kirukanjia kwetu ni mnyama, ndiyo, lakini pia ni malaya. Sijui utatokaje kwenye kikao hicho.

"Termagant" lina historia ya aibu zaidi. Wakristo wa Ulaya wa zama za kati walidhani Waislamu wanaabudu mungu wa jina hilo, kitu ambacho hakipo popote katika Uislamu, wakamtia kwenye michezo yao ya kuigiza akiwa mwenye kupiga makelele na kutishia. Kutoka mungu wa kubuni likawa la mtu wa vurugu, kisha la mwanamke wa vurugu. Ukilitumia leo unabeba ujinga huo wote mgongoni. "Harridan" hudhaniwa kwamba limetoka kwa neno la Kifaransa la farasi aliyekonda na kuchoka. Linamshambulia mwanamke kwa umri wake, wala si kwa alilosema. Yote mawili yaache.

"Virago" linahitaji uangalifu. Ndani yake mna neno la Kilatini la mwanamume, na katika Biblia ya Kilatini, Mwanzo sura ya pili, ndilo Adamu analomwita mwanamke. Lilikuwa na maana ya mwanamke shujaa kabla ya kuharibiwa. Mwaka 1973 Carmen Callil alianzisha London kampuni ya kuchapisha vitabu vya wanawake, nayo ikaitwa Virago, kwa makusudi. Kwa hiyo utakayemwandika hivyo anaweza kukushukuru.

Sasa "fishwife". Kwingine hili lingepita kimya. Hapa kwetu, hapana. Mama mmoja anayeuza mbuta na omena aliniletea barua ya kamati ya soko lake, imekunjwa mara nne na inanuka moshi, akaiweka mezani na kidole juu ya neno hilo.

"Mwalimu," alisema (wengi huniita hivyo, sijawahi kushika chaki), "hii ni bibi ya mvuvi?"

"Hapana, mama. Kwa Kiingereza cha kale hiyo 'wife' ilikuwa mwanamke tu. Ni mama anayeuza samaki."

"Sasa si ndiyo kazi yangu? Matusi yako wapi?"

Nikamweleza. London ilikuwa na soko la samaki, Billingsgate, kando ya mto Thames, na wauzaji wake walisifika kwa midomo mpaka jina la soko lenyewe likawa neno la matusi ya nguoni. Soko lilihamishwa kutoka hapo mwaka 1982 lakini sifa haikuhama. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kelele si ya samaki," akasema. "Ni ya mteja anayetaka mbuta kwa bei ya omena."

Kamati ilitaka kusema kwamba mama huyo alimtukana mkusanya ushuru. Kiingereza kina "foul-mouthed" au "abusive", yanayotaja tendo na kuiacha biashara ya mtu. Katika mji ambao ada ya shule ya watoto wasiohesabika imelipwa kwa beseni la samaki, kulitumia "fishwife" kama tusi ni kutukana Dunga nzima, ufuo wetu wa wavuvi, kwa hasira uliyonayo kwa mtu mmoja.

Yanabaki mawili yenye kazi: "scold" na "nag". Ukilitumia "scold" kama tendo, "she scolded him", limeshapoa na linamfaa yeyote, baba, mwalimu, askari wa baraza. Ni karipio lenye joto, lenye mwanzo na mwisho. "Nag" halina mwisho. Asili yake ya Kiskandinavia ni kuguguna, na ndivyo lilivyo: umelipa stima? Umepigia fundi? Fundi alisema nini? Basi mpigie tena. Mume mmoja wa Nakuru alitaka niandike kwenye barua ya upatanisho kwamba mkewe ni "nag". Nilimuuliza mke anakumbusha nini. Akasema karo. Nikaandika "she reminded him repeatedly about the school fees", akaisoma, akaona inavyomsema yeye, akataka sentensi yote itolewe.

Wanaoeneza

Kwa neno la kila siku, umbea, mushene, chukua "gossip". Ni la mtu na la maneno yenyewe kwa pamoja: "she is a gossip", na pia "that is gossip". Wakenya hupenda kuandika "gossiper" kwa mtu. Lipo, ila jicho la mzoefu husita. Lilikotoka ni mbali na kwa heshima: kwa Kiingereza cha kale alikuwa mzazi wa ubatizo, ndugu katika Mungu. Baadaye likawa la marafiki wa kike waliokaa na mwanamke anapojifungua, na hapo, wakisubiri mtoto usiku kucha, mtakisia wenyewe maneno yalivyoanza kutembea.

Jambo la kushika kuhusu "gossip" ni kwamba halisemi kama habari ni ya kweli au ya uongo. Mmbea anaweza kuwa msema kweli kuliko wote mtaani, na ndiyo sababu anaogopwa. Kwa mwandishi hii ni faida kubwa, na nitairudia kwenye sheria.

"Busybody" hueneza kidogo na kuingilia sana. Ndiye kimbelembele wetu, anayejua mgeni wako alifika saa ngapi. "Telltale" ni la watoto, mchongezi wa darasani, na mtu mzima akiitwa hivyo anadharauliwa mara mbili. Usilitumie kwa mfanyakazi aliyefichua wizi. Huyo ni "whistleblower", kama David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa siri ya malipo ya Goldenberg, lile sakata la wizi wa fedha za umma, mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupoteza kazi. Neno moja linasema mtu hajui kunyamaza, la pili linasema alijua gharama ya kutonyamaza.

"Rumourmonger" na "scandalmonger" hugombaniwa sana kwenye barua za kisiasa. Sehemu ya mwisho ni muuzaji, ile ile ya "fishmonger". Mmoja huuza uvumi, habari isiyo na mwenyewe. Mwingine huuza aibu ya mtu, yenye jina na nyumba. Wanasiasa wa enzi ya chama kimoja walilipenda la kwanza kwa sababu halihitaji kukanusha lolote: ukisema ni uvumi umeshamaliza. Kama mtu alieneza kwamba daraja litafungwa, ni la kwanza. Kama alieneza kwamba naibu mwenyekiti ana familia ya pili Webuye, ni la pili, hata familia hiyo iwepo.

"Backbiter" ndilo linalokaa karibu zaidi na msengenyaji. Uzito wake uko kwenye mahali: nyuma ya mgongo. Watu wa makanisani hulipenda na linawafaa, kwa sababu kanisani kosa lenyewe huwa ni hilo la kucheka na mtu mlangoni na kumchambua kwenye jumuiya.

Kisha tunafika kwenye "slanderer", na hapa weka kalamu chini kwanza.

Neno linalokupeleka kortini

"Slander" na "scandal" ni ndugu wa damu, wote wametokana na neno la Kigiriki la mtego lililopitia Kilatini. Lakini mmoja amesomea sheria. Kumwita mtu "slanderer" ni kusema mambo matatu kwa mpigo: alisema jambo, jambo hilo ni la uongo, na linaharibu jina la mtu. Ukilitia kwenye barua na yeye akathibitisha alisema ukweli, barua yako ndiyo inayobaki na uongo, tena imeandikwa, ina tarehe, ina sahihi yako na nakala kwa chifu.

Kwa kuwa imeandikwa, jina lake linabadilika. Kashfa ya mdomo ni "slander", ya maandishi ni "libel", kutoka Kilatini cha kijitabu. Kenya mambo haya yako chini ya Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, na kesi haina budi kufunguliwa ndani ya miezi 12. Kwa kawaida mwenye kudai "slander" hutakiwa kuonyesha hasara aliyopata, isipokuwa maneno yawe ya aina fulani, kama kumhusisha na jinai au kuishambulia kazi yake; kwa "libel" hasara huchukuliwa kuwa ipo. Kwa hiyo ujumbe ulioandikwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa una hatari kuliko maneno yale yale yaliyopigwa kelele stendi ya basi, hata kama stendi ilisikiwa na wengi zaidi. Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kashfa kuwa jinai, kiliondolewa na Mahakama Kuu mwezi wa Februari 2017 kwa kupingana na katiba. Watu waliposikia hivyo wakadhani ruhusa imetolewa. Kilichoondoka ni jela chini ya kifungu hicho; fidia bado ipo, na Ibara ya 33 ya katiba, hiyo hiyo inayotupa uhuru wa kusema, inatutaka tuheshimu jina la mwingine.

"Calumniator" ni "slanderer" aliyevaa suti. Linabeba nia: mtu alijua ni uongo na akausema ili kuumiza. Kama uongo huna uhakika nao, nia utaithibitisha vipi?

Basi linganisha hivi. Huna hakika kama alilosema ni kweli au si kweli: andika "gossip". Unajua alisema ukiwa haupo, hujui mengine: "backbiting". Unajua ni uongo na una karatasi za kuonyesha: "slander", na umtafute wakili kabla ya mchapaji. Kwa kumbukumbu za mkutano mimi hukataa majina yote haya. Naandika "the member stated that the treasurer had used the money to buy a motorcycle", nukta. Tendo, mtu, maneno. Katibu mmoja wa chama alilalamika kwamba hiyo haina makali. Mwanachama aliposomewa mbele ya wenzake, aliomba radhi kabla ya ajenda iliyofuata.

Neno lililogeuka

"Muckraker" huletwa na watu wa pande zote mbili. Tarehe 14 Aprili 1906, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliwasema waandishi waliokuwa wakichimba uozo wa makampuni na serikali za miji, akiwalinganisha na mtu katika kisa cha John Bunyan aliyeshika reki ya samadi na kukataa kuinua macho hata akiahidiwa taji. Alikiri uchafu lazima uzolewe. Alichokichukia ni kuzoa bila kukoma. Waandishi wakalipokea jina na kulivaa. Ida Tarbell alikuwa ameshaandika mfululizo wake kuhusu Standard Oil, na mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru kampuni hiyo ivunjwe.

Kwa hiyo ofisa wa kaunti anayetaka kumtukana mwanahabari kwa neno hili anampa nishani. Kama habari ina stakabadhi za zabuni, "muckraker" ndiyo sahihi. Kama ina "chanzo cha kuaminika" na picha ya mtu akitoka hotelini, rudi kwa "scandalmonger".

Maneno mapya nayapitia haraka. "Troll" la mtandaoni huhusishwa na uvuvi wa kuvuta ndoano nyuma ya chombo kinachosogea, na pia zimwi la Skandinavia. Ni la mtu anayetaka uumwe ujibu, wala hajali kama anakosoa au anazusha. "Karen" la Kimarekani, mwanamke anayedai kumwona meneja kwa kila jambo, liache huko lilikotoka. Hapa ni mtaa wa Nairobi, na msomaji atafikiria bei ya shamba.

Kuna karatasi moja ambayo maneno haya yote hayaruhusiwi, na ndiyo watu hunitesa nayo zaidi: wasifu wa marehemu. Familia inataka ukweli kuhusu mzee aliyefoka miaka themanini, lakini inataka ukweli huo uvae kofia. Hapo Kiingereza cha Kenya kimejitengenezea ngazi yake. "Straightforward" ni mtu aliyekuambia kosa lako mara moja. "Outspoken" alikuambia mbele ya wakwe. "No-nonsense" hakungoja umalize kujitetea. Na "disciplinarian" huhitaji kuliongezea chochote, kwa kuwa waliochapwa wameketi viti vya mbele na nakala zao mkononi.